Makasia, antena na kokwa za mchu: yanayochomoza kwenye seli zetu

Ami yangu huendesha boti kati ya Lamu na Mokowe, na amevuta sigara tangu kabla sijazaliwa. Ramadhani moja aliamua kuacha kabisa. Mchana hakuwa na budi, usiku akajikaza. Wiki ya pili kikohozi kikazidi: kohozi zito, la rangi ya udongo, linapanda bila kuitwa, hata katikati ya tarawehe msikiti mzima ukamsikia. Idi ilipoingia akarudi kwenye pakiti yake, kikohozi kikatulia, na barazani akatoa hukumu: "Sigara ndiyo inayonishikia kifua." Hakuna aliyembishia. Ushahidi wote ulikuwa upande wake.

Ushahidi ulikuwa wa kweli, ila ulisomwa kichwa chini miguu juu. Ili kuusoma vizuri inabidi tushuke hadi kwenye seli moja moja za njia ya hewa na kutazama kinachochomoza juu yake. Na ukishaanza kutazama hicho kimoja huachi, kwa maana karibu kila seli ya binadamu ina kitu kinachochomoza. Kuna vinavyopiga makasia, kuna vilivyosimama tu kama mizizi ya mchu kwenye tope, na kuna vinavyosikiliza. Majina yake yamevurugika vibaya. Waliovipa majina walitumia hadubini dhaifu, na kila kilichofanana na unywele kikaitwa unywele.

Kohozi hupanda mlima

Kohozi linatoka chini mapafuni na kufika kooni. Ni safari ya kupanda. Asali haipandi mlima, uji haupandi. Kohozi lapandaje nawe umekaa kitako, hukohoi wala huna habari? Linapigiwa makasia.

Ukuta wa njia ya hewa umetandikwa seli zenye vijinywele vinavyocheza, viitwavyo silia. Seli moja ina silia kama 200, kila moja ikiwa na urefu wa maikromita 7 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Zipange kumi kichwa kwa mkia, ndipo utapata unene wa unywele mmoja wa kichwani. Silia hizo zimo ndani ya maji mepesi, na juu ya maji hayo unaelea ute unaonata, ambao kazi yake ni kunasa vumbi, moshi na vijidudu. Mjini Lamu magari ni ya kuhesabu, lakini punda ni wengi na vichochoro ni vyembamba. Kinyesi kikikauka na kupondwa na kwato huwa unga. Anayevuta pumzi Mkomani wakati wa kaskazi ameupa ute huo kazi ya kutosha.

Silia hupiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Mwendo wake unafanana na wa kasia, lakini umegeuzwa. Mpiga kasia huzamisha ubapa majini anapovuta, akauinua hewani anaporudi. Silia husimama wima kwanza, ncha yake ikaugusa ute na kuusukuma. Halafu hujikunja, ikapita chini kwenye maji mepesi ikirudi nyuma, isije ikaurudisha ute ilikoutoa. Hakuna anayeziimbia ili zivute pamoja. Maji yanayosukumwa na moja ndiyo yanayomgusa jirani, na kinachotokea ni wimbi linalopita juu ya seli hadi seli kama kusi inavyopita juu ya makuti. Kwa namna hiyo ute hupanda milimita kadhaa kila dakika mpaka kooni, ukamezwa pasi na mwenyewe kujua. (Suala la kumeza kohozi na saumu nawaachia masheikh.)

Moshi wa sigara huzilemaza silia hizi na kuzifupisha. Kwa aliyevuta miaka mingi, sehemu za ukuta hupoteza kabisa seli zenye silia, na mahali pake huota seli bapa zisizo na kasia hata moja. Wakati huohuo tezi za ute zinaongeza kazi. Ute mwingi, makasia machache: mzigo unatuama, na njia iliyobaki ya kuutoa ni kukohoa kwa nguvu.

Sasa mtu anaacha. Siku zinapita, silia zilizokuwa zimelala zinaamka, seli mpya zinaota, na shehena ya miaka inaanza kupandishwa. Si kila anayeacha hukohoa zaidi, lakini wengi hupitia hali hiyo kwa wiki kadhaa. Kohozi lile la tarawehe lilikuwa dalili ya bandari iliyofunguliwa. Ami aliporudi kwenye sigara aliwafunga mikono wapakuzi, bandari ikanyamaza, naye akakiita kimya hicho afya. Niongeze hapa, maana wasomaji wengine wana ami wa aina hii: kikohozi kilichopita wiki mbili ni cha kwenda kupimwa kifua kikuu, mtu awe mvutaji au asiwe.

Ndani ya kasia

Ikate silia kama unavyokata muwa, kisha itazame kwa hadubini ya elektroni. Ndani kuna mirija myembamba ya protini: jozi tisa zimepangwa duara, na mirija miwili imesimama katikati. Mpangilio huohuo umo kwenye mkia wa mbegu ya kiume, ambao ni silia moja ndefu tu, ya maikromita 50 hivi, iliyopewa jina lake la flajela. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, aliiona mikia hiyo ikichapa mwaka 1677. Na mpangilio huo umo pia kwenye Chlamydomonas, mwani wa kijani wa seli moja unaoogelea kwa mikia miwili. Mimi jambo hili hunishangaza kila nikilifikiria: kinachopandisha kohozi la ami na kinachousukuma uchafu wa kijani kwenye maji ya kidimbwi ni mtambo mmoja.

Nguvu inatoka kwenye mikono midogo ya protini iitwayo dainini, iliyoshikamana na kila jozi. Mkono hukamata jozi ya jirani na kuisukuma, ukitumia nishati ya seli. Chukua fito mbili za mkoko, zifunge pamoja shinani, kisha sukuma moja ipande kando ya mwenzake. Haziwezi kuachana, basi zinapinda. Huko kupinda ndiko kupiga kasia.

Na hapa ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1933 daktari mmoja wa Uswisi, Manes Kartagener, alieleza wagonjwa waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja. Walikuwa na mafua ya ndani ya uso yasiyokwisha. Njia zao za hewa zilikuwa zimepanuka na kujaa makohozi. Na moyo wao ulikuwa kulia. Si moyo tu, viungo vyote vya ndani vilikuwa vimegeuzwa kama picha ya kwenye kioo: ini kushoto, wengu kulia. Mambo mawili ya kwanza yanashikana vizuri. Lakini mafua yanamhamishaje mtu moyo?

Jibu lilikawia zaidi ya miaka 40, na lilianzia kwa wanaume waliokosa watoto. Björn Afzelius, mtafiti wa Uswidi, alizitazama mbegu za wanaume ambazo zilikuwa hai lakini hazisogei, akakuta ile mikono ya dainini haipo. Aliyekosa mikono hiyo kwenye mbegu amekosa na kwenye silia za mapafu, ndiyo sababu ya kifua kisichopona. Mwaka 1976 alichapisha maelezo yake, akakisia kwamba hata moyo huwekwa mahali pake na silia, mtoto angali tumboni.

Alikisia vizuri. Mimba ikiwa changa mno, kabla moyo haujachukua umbo, kuna kishimo kidogo chenye silia za aina ya pekee. Hazina mirija miwili ya katikati, na badala ya kupiga huku na huku, huzunguka kama pia. Zimeinama kidogo upande mmoja, kwa hiyo maji ya kishimoni huelekea kushoto. Mkondo huo ndio unaouambia mwili mchanga: huku ni kushoto. Maabara ya Nobutaka Hirokawa, huko Japani, iliuonyesha mkondo huo kwenye vijusi vya panya mwaka 1998. Mwaka 2002 watafiti wa Japani wakaenda mbali zaidi: waliugeuza mkondo kwa pampu, na viungo vya panya vikafuata.

Sasa tazama jinsi hesabu inavyokaa sawa. Mtoto asiye na mkondo hageuzwi kwa lazima. Anakosa tu maelekezo, na pande zinaamuliwa kama kwa kurusha shilingi. Ndiyo maana kati ya watu wenye ugonjwa huu wa silia, karibu nusu moyo wao uko kulia na nusu uko kushoto kama wa wenzao. Hawa wa kushoto ndio wanaotaabika zaidi kutambuliwa, kwa kuwa picha ya eksirei haimshtui mtu. Mtoto anapewa dawa ya kifua mwaka baada ya mwaka.

Kwa wanawake silia zina kazi ya ziada. Yai halina mkia, haliwezi kujipeleka popote. Ndani ya mrija wa uzazi husukumwa na silia pamoja na misuli ya mrija. Sigara na maambukizi ya zinaa yanayoharibu ukuta huo huongeza hatari ya mimba kutunga nje ya mji wa mimba.

Antena iliyodharauliwa

Kuna silia nyingine isiyopiga kabisa. Ni moja tu kwa seli, imesimama peke yake, nayo ina jozi tisa bila ile miwili ya katikati. Karl Wilhelm Zimmermann aliieleza kwenye seli za figo mwaka 1898, na kwa muda mrefu wataalamu wengi waliichukulia kama kiungo kilichosahauliwa, mabaki ya zamani yasiyo na kazi. Iko karibu kwenye kila aina ya seli ya mwili, isipokuwa chache kama chembe nyekundu za damu.

Ugunduzi ulikuja kutoka kwa yule mwani wa kidimbwini. Wanaochunguza mwani huo waliona jinsi vifaa vya ujenzi vinavyosafirishwa ndani ya mkia, vikipanda hadi nchani na kushuka. Mwaka 2000 wakagundua kwamba jeni moja inayohitajika kwa ujenzi huo ni ileile iliyoharibika kwa panya fulani wa maabara wenye figo zilizojaa vifuko vya maji. Silia za figo za panya hao zilikuwa fupi mno. Ghafla kile kijiti cha Zimmermann kikawa na kazi: ni antena. Inapinda mkojo unapopita, inapokea ishara za kemikali, inaiambia seli wakati wa kugawanyika na wakati wa kutulia. Ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko, unaoweza kumfikisha mtu mzima kwenye mashine ya kusafisha damu, siku hizi huhesabiwa miongoni mwa magonjwa ya silia.

Hata jicho linalosoma maneno haya linatumia silia. Zile seli za nyuma ya jicho zinazopokea mwanga zina sehemu ndefu iliyojaa visahani vya rangi, na sehemu hiyo ni silia iliyonenepeshwa na kugeuzwa matumizi. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa pilau pia hupokelewa kwenye silia, juu puani.

Vichomozo vingine havidumu. Vinatokea na kupotea kwa dakika. Ukikatwa na chaza mguuni, vigandisha damu hutoa vidole vyembamba na kushikana navyo, na seli za ngozi hutandaza ukingo mpana bapa na kutambaa kuziba kidonda. Chembe nyeupe humzunguka kijidudu kwa mikono ya namna hiyo na kummeza. Hapa ndani hamna mirija. Kuna nyuzi za protini nyingine, aktini, zinazojengwa upande mmoja na kubomolewa upande wa pili. Ushike huo mpaka kati ya mirija na nyuzi, kwani ndio unaotatua vurugu ya majina.

Korija moja ya nyuzi

Lamu ndiyo yenye misitu mikubwa ya mikoko kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Maji yakipwa, chini ya mti wa mchu utaona mizizi imechomoza kwenye tope, maelfu ya vijiti wima visivyosogea. Ukuta wa utumbo mwembamba unafanana na hapo. Kila seli ina vijiti kama hivyo kwa maelfu, viitwavyo maikrovilai, kila kimoja kikiwa na urefu wa maikromita moja tu. Ndani yake zimefungwa nyuzi za aktini, 20 hadi 30. Wauza boriti huhesabu kwa korija, yaani ishirini. Basi kijiti kimoja ni korija moja, wakati mwingine na nusu yake.

Usivichanganye na vile vijidole vya utumbo vinavyochorwa kwenye vitabu vya shule. Kijidole ni mkunjo wa ukuta, kina seli nyingi na mishipa ya damu ndani, na kwa macho makali unaweza kukiona bila hadubini. Maikrovilai ziko juu ya seli moja moja za kijidole hicho. Ni kama kulinganisha mti wa mchu na kokwa zinazoning'inia juu yake.

Tuliambiwa shuleni kwamba ukiutandaza utumbo wote utafunika uwanja wa tenisi. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Uswidi, Herbert Helander na Lars Fändriks, walipima upya, wakapata kiasi cha mita za mraba 32 kwa njia nzima ya chakula. Ni vyumba viwili vitatu vya nyumba ya mawe. Binafsi sioni kama hesabu mpya inapunguza ajabu: vyumba viwili vitatu vimekunjwa ndani ya tumbo la mtu mzima mmoja.

Vijiti hivi havingoji chakula kilichokwisha kusagwa. Juu yake vimebeba vimeng'enya vya kukata sukari, kikiwemo kile cha sukari ya maziwa, ambacho kwa watu wengi hupungua ukubwani. Ndiyo maana kuna mzee ambaye glasi ya maziwa humlaza na tumbo. Na juu yake kuna milango. Mmoja una tabia ya pekee: haufunguki kwa sukari peke yake, huhitaji chumvi ipite nayo, sodiamu mbili kwa glukosi moja. Robert Crane alilieleza wazo hilo Prague mwaka 1960.

Mama anayekoroga vijiko vya chai 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi, anaupigia hodi mlango huo. Mtoto anayehara kipindupindu anapoteza maji kwa kasi kubwa, na maji matupu hayaingii upesi. Lakini mlango wa sukari na chumvi mara nyingi hubaki mzima hata katikati ya kuhara. Vikipita hivyo viwili, maji hufuata. Kwa hiyo vipimo visikisiwe: sukari ikizidi sana huvuta maji kuyarudisha tumboni, na kuhara kukaongezeka.

Seli za utumbo hubadilishwa kila baada ya siku nne au tano hivi. Za njia ya hewa nazo huota upya, ila polepole zaidi. Linakuja sikio.

Jina la uongo

Ndani ya sikio, kwenye koa, yaani ule mrija uliojizungusha kama konokono na kujaa maji, kuna seli zenye vishungi vya nywele. Wataalamu waliziita stereosilia, na jina hilo limepotosha wanafunzi vizazi na vizazi, kwa sababu si silia hata kidogo. Zikate uzitazame: hamna jozi tisa, hamna dainini. Kuna nyuzi za aktini zilizoshonana. Ni maikrovilai zilizorefuka, jamaa wa zile za utumboni. Silia ya kweli ipo mwanzoni, wakati seli inajengwa, kisha kwa binadamu hutoweka.

Nywele hizo zimepangwa kwa ngazi, fupi mbele, ndefu nyuma, na ncha ya kila fupi imefungwa kwa uzi mwembamba kwenye ubavu wa ndefu inayofuata. Sauti ikitikisa maji, kishungi huinama. Kikiinama upande wa ndefu, uzi hukaza na kuvuta kilango, potasiamu huingia, na ujumbe hwenda kwenye ubongo. Kikiinama upande wa pili, uzi hulegea na kilango hufungwa. Sauti ndogo kabisa tunayoweza kusikia hukisogeza kishungi kwa kiasi kisichofika hata unene wa utando wa seli. Kwa chombo chororo kiasi hicho, mlio wa mashine ya boti saa nane kwa siku ni kama jahazi kupita juu ya shamba la mwani. Vishungi hulala, nyuzi hukatika, mwisho seli hufa.

Kila sikio huzaliwa na seli hizo 15,000 hivi, na hesabu inaishia hapo. Kuku akipoteza zake huota nyingine. Binadamu haoti.

Haya yote nilimweleza ami juzi ufukoni, nikichora silia kwa kijiti kwenye mchanga. Habari ya wapakuzi ilimwingia. Alicheka, akaitazama pakiti yake, hakuwasha. Nilipofika kwenye mapigo ya silia akanikatiza.

"Mara ngapi kwa sekunde?"

"Kumi hadi kumi na tano, ami."

"Ngapi?"

Nikarudia. Akazungusha kichwa, akanigeuzia sikio la pili, lile lisilokaa upande wa mashine.